Sentimita Thelathini za Mwalimu Yuditha

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Uratibu wa Nyaya za Majumbani iliwatangazia wakazi wote wa Moshi, mjini na milimani, kwamba zama za nyaya kujiamulia mambo zimekwisha. Kuanzia Machi, waya wa intaneti utakaa angalau sentimita thelathini kutoka waya wa umeme, na jengo lisilotii litazimiwa umeme papo hapo.

Hakuna aliyeipenda kanuni hiyo kama mkaguzi Wenseslaus. Aliijua kwa moyo, na tepu yake ya kupimia aliifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Siku hiyo alipanda Uru kukagua nyumba mpya ya Yuditha, mwalimu mstaafu aliyejenga kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu mumewe. Alimwamkia, akaonyesha kitambulisho, akavua viatu.

"Pima haraka, baba," Yuditha alisema. "Saa kumi naanza kufundisha wageni Kiswahili kwa intaneti. Nikikosa darasa la kwanza, kazi anapewa mwingine."

Fundi wake, Leonia, alikuwa amepitisha kila waya kwenye bomba lake. Wenseslaus alipima sebule, vyumba, hadi jikoni. Sentimita thelathini na moja kila mahali. Alisikia raha ambayo wengine huisikia kanisani kwaya inapopatia.

"Umefaulu, Mwalimu. Sasa omba cheti. Maombi hupokelewa kwa intaneti tu."

"Basi niwashe."

"Huruhusiwi kuwasha bila cheti."

Leonia alikuna kichwa. "Yaani aombe kwa intaneti ili aruhusiwe kuwa na intaneti?"

"Umeelewa vizuri sana," Wenseslaus alisema, akifurahi kukutana na fundi mwelewa.

Maombi ya simu mfumo haukuyapokea, kwa hiyo Wenseslaus aliwashusha hadi ofisini Kiboriloni, kwenye kompyuta ya wananchi. Fomu ilijazwa mara tatu, na mara tatu intaneti ilikatika. Kila ilipokatika, birika la umeme la Mkurugenzi lilikuwa likichemka chumba cha pili. Leonia alipanda juu ya kiti, akasukuma ubao wa dari. Waya wa intaneti na waya wa birika zilikuwa zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli, zimelaliana kama mapacha.

Wenseslaus alipima. Akapima tena, akitumaini tepu imekosea. Sifuri. Ajira yake mwenyewe ilikuwa bado ya majaribio. Kisha akaenda kwenye swichi kubwa, akazima jengo zima.

Mkurugenzi Sirili alitoka na kikombe cha maji ya uvuguvugu. "Nani amezima?"

"Kanuni, Mkuu."

"Kanuni ya kijinga namna hiyo imeletwa na nani?"

"Uliisaini wewe, Mkuu."

Sirili alitazama saa yake. Kabla ya saa kumi alitakiwa kutuma ripoti ya mafanikio makao makuu, na ofisi isiyotuma huhesabiwa kuwa haipo, pamoja na mkuu wake. Aliuliza kwa upole kama kuna jengo lolote halali.

"Moja tu," Wenseslaus alisema, akamtazama Yuditha.

Sirili akaandika kwa kalamu kibali cha dharura cha kuwasha, akafungua mwenyewe mlango wa gari la ofisi, Mwalimu apande.

Saa tisa na nusu Sirili alikuwa ameketi sebuleni Uru mbele ya kompyuta ya Mwalimu, bakuli la supu ya mtori pembeni, akitoa cheti kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaijaza ripoti na kubofya. Mfumo ukaikataa. Ulitaka kwanza mteja aliyepewa cheti aeleze kama ameridhika na huduma.

"Bofya tu 'Nimeridhika', mama."

Yuditha alivaa miwani, akasoma yote taratibu, akabofya 'Sikuridhika'. Mfumo ukamshukuru, ukaomba maelezo yasiyopungua maneno mia mbili, yatakayosomwa na makao makuu kabla ya ripoti. Akavuta kiti, akaweka vidole sawasawa kwenye kibodi.

"Mwalimu," Sirili alisema kwa sauti ndogo, "shikamoo."

"Marahaba. 'Uratibu' mnaanza kwa herufi kubwa?"