Madam Anarudia Kila Ninachosema

Leo nimeaibika hapa Riyadh mpaka nikatamani gari linimeze.

Mnajua madam wangu alipata leseni ya kuendesha. Tangu hapo mumewe, baba mwenye nyumba na kafili aliyeniajiri, ananitazama mimi dereva wao kama jiko la mkaa kwenye nyumba yenye gesi. Basi niliposikia madam anahangaika na Kiingereza cha usaili wa kazi, nikajitosa: "Madam, mimi Kenya nilikuwa mwalimu." (Nilishika chaki siku mwalimu wetu alipougua. Chaki ni chaki.)

Shida yake ilikuwa moja: "I worked" au "I have worked"? Nikamwambia, ukitaja jana au mwaka jana, sema "I worked". Usipotaja, "I have worked". Nikamfundisha vile tulivyofundishwa sisi: mwalimu anasema, darasa linarudia, hakuna maswali. Madam akaiva. Nikikohoa, anakohoa.

Leo usaili ukawa wa simu. Nyumbani watoto wanapiga kelele, tukajifungia garini, yeye kwenye usukani, mimi pembeni nimnong'oneze akikwama. Mama wa kampuni akamuuliza kama amewahi kufanya kazi ofisini. Nikanong'ona.

"I have worked in a school office," madam akasema. Safi kabisa.

"Lini?"

"I have worked last year..."

Nikaruka na mnong'ono, kwa Kiingereza hicho hicho: "Hapana madam, umetaja mwaka."

"Hapana madam, umetaja mwaka," akarudia kwa sauti ya darasani.

"Hiyo usirudie," nikanong'ona.

"Hiyo usirudie."

"Ya Rabbi, tumekwisha."

"Ya Rabbi, tumekwisha."

Yule mama akauliza, "Uko na nani hapo?"

Nikapunga mikono yote miwili. "Hakuna mtu."

"Hakuna mtu," madam akasema. (AC imewashwa, na mimi jasho linanitiririka.)

Mama wa kampuni akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Njoo ofisini Jumapili tuzungumze. Ila huyo Hakuna Mtu asiingie na wewe."

Madam akakata simu, akanigeukia. Mimi nilikuwa tayari napanga nguo kwenye sanduku, kichwani, safari ya Nairobi.

"Halas, Musa," akasema. "Ualimu basi. Kuanzia leo wewe ni dereva tu. Jumapili utanipeleka."

Dereva tu! Sijawahi kushushwa cheo nikafurahi hivi. Mnaocheka, chekeni polepole, baba bado hajasikia.