Makaa Juu ya Sufuria ya Presha

Jumapili, 4 Februari 1979

Leo nimeingia maisha ya kisasa. Nimenunua sufuria ya presha! Inang'aa mpaka naona ndevu zangu. Ina mfuniko unaofungwa kwa kuzungushwa, mpira ndani, kirungu cheusi juu, na filimbi. Filimbi! Chakula kikiiva chenyewe kinakuita. Nani anayo Majengo nzima? Hakuna.

Mke wangu Lela yuko Mombasa na binti yetu Muhiba. Wameenda kumchukua mama mkwe, Bi Kibibi, aje kwa maulidi tunayosoma hapa nyumbani kila mwaka. Maulidi ni Jumamosi. Kila mwaka wanawake huanza pilau alfajiri: moshi, machozi, makelele. Mimi karani wa stoo ya mbao, mtu wa kalamu, nimeuvumilia moshi huo tangu nilipooa. Basi! Mwaka huu pilau itaiva kabla msomaji hajasafisha koo.

Abdinoor, mwenye duka la vyombo kule Eastleigh, alitaka kwanza kuniuzia mashine ya umeme ya kukunia nazi. Nikamcheka. Nikamwambia nyumba yetu haina umeme, tunawasha taa ya chemni, na mimi si mtu wa kuuziwa kitu nisichoweza kukitumia. Akakiri kwamba amekutana na mtu mwenye akili. Ndipo akaitoa presha.

Pesa hazikutosha. Akasema anapokea pia vyombo vikuukuu. Nikarudi nyumbani mbio nikabeba sufuria ya shaba. Ndiyo, ile ya Lela. Ile aliyoachiwa na bibi yake, mama yake Bi Kibibi, iliyopikia harusi zote za ukoo wao. Nzito, kuukuu, nyeusi tako zima. Lela atafurahi nilivyomtua mzigo. Nina hakika. Karibu nina hakika.

Matheka, jirani yetu wa chumba cha pili, mchonga vinyago, ameniuliza kama nimeleta bomu. Wivu huo.

Jumatatu, 5 Februari

Nimeijaribu. Mchele, nyama, bizari, kila kitu ndani, mfuniko, jikoni. Nikavuta kigoda uani nikakaa kama bwana harusi.

Filimbi ikalia. Yarabi! Nyumba nzima ilitoka nje. Nthenya, mke wa Matheka, alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani treni imeacha reli. Yeye huuza maharagwe na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Wakamba, kwa maseremala wa Gikomba, na kwa woga wake sufuria nzima ya maharagwe ikaungua. Nikamwomba radhi. Akasema si neno, anataka tu kuona pilau ya filimbi.

Nikafungua. Haikuwa pilau. Ilikuwa uji wenye nyama. Matheka akaomba kikombe.

Nimekaa na kufikiri sana, na sasa naona kosa liko wapi. Pilau yetu hupaliwa! Moto chini, makaa juu ya mfuniko, ndipo punje zikauke moja moja. Hata mtoto wa Majengo anajua. Mimi niliweka moto chini tu. Kesho nitaipalia.

Jumanne, 6 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipanga makaa mekundu juu ya mfuniko, vizuri, kwa duara, kama anavyopanga Bi Kibibi. Kirungu cheusi kikaanza kuinama, kisha kikatiririka. Filimbi ilipiga mluzi mdogo wa mgonjwa ikanyamaza kabisa. Mpira ukatoa harufu ambayo bado imo ndani ya kanzu yangu ya Ijumaa. Mfuniko haukufunguka mpaka Matheka alipoleta nyundo yake ya kuchongea. Alifanya kazi kimya. Ningependa angecheka.

Sasa hesabu ni hii: sina presha, sina sufuria ya shaba, na Jumamosi asubuhi Lela anashuka kwenye treni na mama yake. Lela hapigi kelele akikasirika. Huniangalia tu, halafu huingia ndani kukunja nguo. Mara ya mwisho alipokunja nguo zote, alikaa Mombasa mpaka Ramadhani ikaisha. Naogopa. Nasema kweli, naogopa.

Lakini Mungu ni mkubwa! Jioni redio ya Matheka ilikuwa ikisema ng'ambo ya ukuta, nami nikabandika sikio. Kipindi cha haki za mnunuzi! Bwana mmoja mwenye sauti nzito alisema bidhaa lazima ifanye kazi iliyosemwa itafanya, na muuzaji lazima amweleze mnunuzi namna ya kuitumia. La sivyo, mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Nilikuwa sijui kwamba nina haki. Nimesimama wima ghafla mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Jumatano, 7 Februari

Nimeomba ruhusa stooni, nimesema naumwa jino. Nikaenda Eastleigh na presha bila mfuniko. Mbinu ni hii: mfuniko haukuwamo tangu mwanzo. Mnunuzi ameuziwa kitu pungufu. Arudishiwe sufuria yake ya shaba, yaishe.

Abdinoor akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kibao hakiwezi kuishinda redio. Akasema mfuniko anaukumbuka vizuri sana, kwa sababu Jumapili nilitoka dukani nimeuvaa kichwani nikiwapungia watu mkono. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Kisha akanipiga rungu la pili. Sufuria ya shaba imekwisha kuuzwa. Jana! Mama mmoja aliingia, akaiona, akaishika huku na huku, akauliza imetoka kwa nani, akalipa bila hata kuomba apunguziwe. Jina lake Abdinoor halijui.

Nikarudi nyumbani. Naingia uani, nikamkuta Nthenya ameinama jikoni akikoroga muthokoi. Ndani ya sufuria ya shaba. Ile ile!

Bahati mbaya gani hii? Katika wanawake wote wa Nairobi, akainunue yeye!

Jumatatu aliunguza sufuria yake, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Na hata hakujua ni ya nani, maana alinisalimu vizuri tu.

Alhamisi, 8 Februari

Nimeamka na mpango. Asubuhi nilimfuata Nthenya uani, nikamsalimia, nikaulizia watoto, mvua, na maseremala. Halafu nikamdokezea, kwa huruma, kwamba shaba hung'oa meno. Imethibitishwa na madaktari. Nikamwambia niko tayari kumchukulia sufuria hiyo ya hatari nikaitupe mbali.

Akaendelea kukoroga. Akasema, "Haki, Baba Muhiba? Na mama mkwe wako aliyekulia humu, mbona bado ana meno yote?"

Kumbe anajua ni ya Lela! Nikatafuta pa kutazama nikakosa. Akaniambia hataki maneno mengi. Ameilipa kwa pesa za biashara yake, na maseremala hawali udongo. Nikimletea sufuria ya kupikia maharagwe na muthokoi, nzuri, isiyovuja, ataniachia hii papo hapo, wala hatasema neno kwa Mama Muhiba. Akaongeza kwamba kwa sasa anaisugua kila siku, kwa ndimu na majivu, maana mimi nilikuwa nikiiona tu bila kuiangalia.

Mwanamke mgumu! Ila moyo umenipoa kidogo. Kumbe sihitaji pesa. Nahitaji presha nzima. Na presha nzima ni haki yangu. Kesho Ijumaa, baada ya swala, kufa kupona.

Ijumaa, 9 Februari

Siku kubwa. Niandike polepole.

Kutoka msikitini nilipitia nyumbani nikafunga bandeji kichwani. Nilikuwa nimekata vipande vya shuka ya zamani (natumaini ni ya zamani). Mbinu: presha ililipuka, mnunuzi nusura afe. Nikafika dukani nikichechemea. Kwa nini kichwa kikiumia mtu achechemee, sijui, lakini nilikuwa nimeshaanza.

Duka lilijaa. Nikatoa kilio changu. Wateja wakanionea huruma, mama mmoja mzee akanipa kiti. Nikaiweka presha mezani, pamoja na mfuniko, nikatamka neno haki mara nyingi. Abdinoor akauliza niliumia upande gani. Nikasema kulia. Wakati huo bandeji ilikuwa imeteremka mpaka kwenye jicho la kushoto. Kisha akauchukua mfuniko, akaugonga mezani mara moja. Kipande cha kaa kikaruka kutoka kwenye kirungu kilichoyeyuka, kikabingirika, kikasimama mbele ya yule mama mzee.

Mama mzee akakiokota, akakitazama, akaniambia, "Mwanangu, uliipalia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Hapo Abdinoor akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika rafu. Akaingia nyuma akarudi na mifuniko mingine, yote virungu vimeyeyuka, yote ya watu wa Majengo. Mmoja, alisema akifuta machozi, ni wa mama yake mzazi.

Nami nikakasirika. Si kwa mbinu. Nilikasirika kweli, mpaka nikaivua bandeji nikaitupa chini. Nikamwambia: kumbe ulijua! Ulijua tangu mfuniko wa kwanza. Unajua sisi hupalia makaa, na wewe kwenu mnapalia, na bado unatuuzia mmoja mmoja, hutuambii kwamba chombo hiki hakiwekwi moto juu wala hakikaushi pilau. Ulisema kitapika pilau. Mimi nimedanganya kuhusu kichwa changu, sawa. Wewe umedanganya kuhusu sufuria. Na mimi nimeivua bandeji yangu. Je, wewe?

Sijawahi kusema maneno mazuri kiasi hicho, na hayakuwa kwenye mpango. Mama mzee alikuwa ameshika presha mpya kwapani. Akairudisha kwenye rafu, taratibu, akasema wamsikilize kijana. Mwingine naye akarudisha yake. Abdinoor akaziangalia zile sufuria zinavyorudi rafuni, kicheko kikamwisha. Akakuna kidevu. Akanifungulia mfuniko mpya, mpira mpya, filimbi mpya, bila kunitoza kitu. Halafu akachukua chaki akaandika chini ya kile kibao chake: usiweke makaa juu. Nikamwambia aongeze: ni ya maharagwe. Akaongeza! Watu wakapiga makofi.

Nikarudi Majengo nikipaa. Nthenya akatia maharagwe na muthokoi, akafunga. Safari hii filimbi ilipolia hakukimbia. Alipofungua maharagwe yalikuwa laini, na adhana ya alasiri ilikuwa bado. Alipiga vigelegele peke yake uani, akaniambia sasa atalala mpaka jua litoke kama watu wengine. Akanikabidhi sufuria ya shaba kwa mikono miwili. Inang'aa. Sikujua kwamba pembeni ina nakshi ya maua. Nilikuwa nikiiona tu, kumbe.

Jumamosi, 10 Februari

Maulidi yamesomwa, pilau imeliwa. Bi Kibibi mwenyewe aliipalia, makaa duara, nami nikapepea jiko bila kulalamika moshi. Punje moja moja! Lela aliizungusha sufuria mkononi, akapitisha kidole kwenye yale maua, akasema hajaiona hivi tangu enzi za bibi yake. Machozi yalimlengalenga. Akaniambia mbele ya wageni kwamba nimeitunza kuliko alivyotarajia.

Nilitaka kusema kweli. Wallahi, nilifungua mdomo. Muhiba akanitia tonge.

Kisha Bi Kibibi akatoa kitu kwenye sahani yake, akakiinua juu. Punje ya muthokoi. Akanitazama mimi. Nthenya, aliyekuwa amealikwa pamoja na mumewe, akasema haraka ni yake, imeanguka kutoka kwenye kanga yake, maana yeye mahindi humganda popote. Bi Kibibi akaila. Lela hakukunja nguo. Alikaa karibu yangu mpaka wageni wakaondoka, bega kwa bega, na mimi sijui kama nina haki ya furaha kubwa hivi, lakini redio haikukataza.

Jumapili, 11 Februari

Mnunuzi mwerevu hufunzwa na dunia. Mimi nimefunzwa. Sitanunua tena kitu bila kuuliza maswali.

Bi Kibibi amekuja na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka Mombasa, ya mpingo, ya mama yake. Mguu mmoja unalegea. Jana nilimtazama mama wa watu ameikalia, anakuna, jasho linamtoka. Nikaona huruma. Leo baada ya chakula alipolala, niliizungushia gazeti nikaenda Eastleigh.

Abdinoor sasa ni rafiki. Akaitoa ile mashine ya umeme ya kukunia nazi, nami sikukurupuka. Nikamwuliza kwanza, kwa sauti, wateja wote wasikie: je, kuna mahali popote kwenye chombo hiki ambapo hapawekwi makaa? Akafikiri, akasema chombo hiki hakihusiani kabisa na makaa. Nikamwambia aniandikie. Akaniandikia. Ndipo nikamkabidhi mbuzi ya Bi Kibibi, biashara ikaisha.

Umeme bado haujafika kwetu, hilo najua. Utafika. Watu wa baraza la jiji walipita mwaka juzi wakapima barabara kwa kamba, na hawawezi kupima bure. Mashine iko chini ya kitanda, Bi Kibibi bado amelala, na nyumba imetulia.

Ajabu moja tu. Nilipokuwa nikitoka dukani nilipishana mlangoni na Nthenya, kikapu mkononi, anahema kama mtu aliyekuwa akinifuata mbio toka Majengo. Nikamsalimia. Sijui mama huyu Jumapili yote hii anatafuta nini Eastleigh.