Mayai ya Ganda Laini

Daktari wa Kuku hakuwahi kutibu hata kifaranga, ila koti jeupe alikuwa nalo, la kinyozi aliyefunga duka. Siku moja anapita na baiskeli yake, akamsikia fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, akilalamika uani: "Mayai gani haya, ukiyashika yanabonyea kama mfuko!"

Masikio yakamsimama. Alijua vizuri kuku wa hivyo hukosa chokaa tu. Ukiwasagia maganda makavu ya mayai kwenye chakula, ganda hurudi gumu. Lakini elimu ni amana, naye ya kwake hakuwahi kumpa mtu.

"Hodi, mama! Naona una msiba."

Mama akamwekea yai kiganjani. Likatepeta. Kuku wanane wanene wakamtazama.

"Huu ugonjwa unaambukiza. Niwachukue leo hii nikawateketeze."

"Bure, baba? Wanangu hawa!" Akajifuta macho kwa kitambaa alichokuwa akikishona. "Niachie basi hata hiyo baiskeli, nipate cha kunituliza."

Daktari akaitazama baiskeli. Ndiyo miguu yake ya kazi. Bila hiyo hafiki mtaa wa pili. Akawatazama kuku. Mayai kila asubuhi, na yeye kajilaza! Akaiacha, akaondoka na kuku, wanne kila mkono.

Wiki tatu aliwasagia maganda, akawabembeleza, akawaimbia. Hakuna yai, gumu wala laini. Akamwita dada yake mfugaji, ambaye alimshika kuku mmoja nyonga, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, hawa vikongwe! Kutaga waliacha zamani."

Daktari akarudi kwa fundi kwa miguu, jasho linamchuruzika. "Mama, yale mayai yalitoka wapi?"

"Dukani, baba," akajibu bila kusimamisha cherehani. "Nikayalaza kwenye siki siku mbili, ganda likayeyuka lote. Ulipomwachia mdogo wangu banda tupu kwa maneno yale yale ya ugonjwa, nikajua na kwangu utapita."

"Nitakutangaza mtaa mzima!"

"Tangaza, mwanangu. Watakuuliza kwanza wagonjwa wa kuteketezwa mbona wanakula kwako. Kisha watakuuliza ni daktari gani asiyemjua kuku kikongwe."

Daktari akaangaza macho uani, kona hadi kona.

"Na baiskeli yangu?"

"Anayo mdogo wangu. Kaanza jana kuijifunza. Ukitoka, pita pembeni, breki bado hajazijua."