Sola Ikae kwa Bi Thackray

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Tangazo limebandikwa mlangoni pa kanisa. Kampuni ya sola inataka kubadilisha ramani yake. Mwaka jana iliruhusiwa kutandaza paneli katika shamba la chini la Emrys Bebb, mbele kabisa ya madirisha ya Daphne Thackray. Mpango safi sana. Niliuunga mkono kwa moyo wangu wote. Nilisimama ukumbini nikatangaza kwamba dunia inaungua, na anayepinga sola hana huruma na wajukuu. Daphne alilia. Siku nzuri ile.

Sasa wanasema shamba la chini linajaa maji, hivyo nusu ya paneli zihamie shamba la juu, la Bebb huyohuyo. Shamba la juu liko nyuma ya nyumba yangu! Nitakunywa chai nikitazama vioo vyeusi mpaka naingia kaburini.

Wananchi tumealikwa kutoa maoni. Watayapata.

Mke wangu Beryl kaniuliza, na wale wajukuu je? Nikamkumbusha kwamba hatuna wajukuu.

Jumatano, 5 Machi

Nimejishusha nikaenda kwa Daphne. Yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Kuokoa Bonde. Mwalimu mstaafu wa muziki, anayeongea na kila mtu kana kwamba ni mtoto mwenye makamasi. Nikampa pendekezo la kiungwana: kamati ipinge mabadiliko, mimi niwe msemaji. Mtu mwenye sauti, mwenye hoja, aliyewahi kusimamia duka zima la mazulia.

Aliniacha nje kwenye mvua. Akasema kamati imeshakutana na haina pingamizi. Yeye binafsi ameanza kuyapenda sana mambo ya sola.

“Dunia inaungua, Bwana Ludgrove,” akasema, akafunga mlango taratibu.

Maneno yangu mwenyewe! Mwizi.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa maoni, ukumbi wa kijiji. Kampuni ilileta ramani, biskuti, na binti mmoja mwenye tabasamu la mshahara. Chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Watu wa Nether Wimbury na ramani ni kama ng'ombe na piano. Mzee Percy Gough aliishika juu chini, akasema ameipenda.

Nikasimama. Nikazungumzia mng'ao, kelele, thamani ya nyumba, uzuri wa mashambani tulioachiwa na babu zetu. Babu zangu mimi walikuwa mjini Birmingham, lakini hilo halikuulizwa. Nilikuwa nimeshika kasi kweli ndipo Emrys Bebb, kule nyuma, na mabuti yake ya tope, aliponikatiza.

“Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh, Clement?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mchungaji.

Kisha Bebb akasimama mwenyewe, akiisokota kofia yake. Akasema yeye si mtu wa hotuba. Mto umemchukulia wana-kondoo majira mawili ya baridi mfululizo. Kodi atakayolipwa na kampuni ya sola ndiyo itakayombakiza kwenye ardhi aliyozaliwa. Ikishindikana, anauza, na hajui ataenda wapi wala atafanya nini huko. Akaketi.

Beryl, kando yangu, akapenga kamasi kwa sauti. Usaliti!

Mimi mwenyewe nilijikuta natazama viatu vyangu. Nadhani ni ile chai.

Jumanne, 18 Machi

Wazo! Mijusi!

Nimesoma kwenye gazeti pale kwa daktari. Kuna mijusi wa majini, wenye kishungi mgongoni, wanaolindwa na sheria kali. Wakionekana mahali, hata koleo haligusi ardhi. Nimeiandikia halmashauri kwamba nimewaona kwa macho yangu katika shamba la juu, makundi kwa makundi.

Sijawaona. Lakini ni nani mwingine katika kijiji hiki anatazama chini?

Beryl kauliza wanafananaje. Nikamwambia wanafanana na mijusi.

Jumapili, 30 Machi

Halmashauri imejibu. Inaleta mtaalamu. Sikutegemea wangekuwa makini hivyo.

Ikanilazimu nikatafute walau mjusi mmoja, nimpandishe shamba la juu mwenyewe. Nikashuka na ndoo hadi mtaro wa shamba la chini. Tope likanimeza mguu wa kwanza, nikausaidia kwa wa pili, likaumeza na huo. Nilipiga kelele mpaka kondoo wakaja kunitazama. Wanyama wapumbavu.

Bebb akaja na trekta na kamba. Akanichomoa kama karoti. Buti moja limebaki huko.

“Ulikuwa unatafuta nini humu, bwana?”

Nikasema natembea kwa ajili ya afya.

“Na ndoo?”

Nikasema ndiyo.

Hakuuliza tena. Akanipeleka kwake, akanikalisha karibu na jiko, akanipa soksi za marehemu baba yake. Soksi nene, za kuwasha. Mtu mzima asiye na udadisi wala hila hata chembe. Ndiyo maana hajaendelea.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtaalamu amekuja. Msichana mrefu, suruali ya mpira hadi kifuani. Kwa sababu ya barua yangu, amekagua bonde lote, kila mtaro na kila dimbwi. Shamba la juu: hakuna mjusi. Hata mkia.

Shamba la chini, mtaroni, chini ya madirisha ya Daphne: wamejaa! Wanaogelea kama watalii!

Kwa hiyo shamba la chini haliguswi. Hakuna paneli hata moja itakayokaa kwa Daphne Thackray. Zote zinahamia juu. Si nusu tena. Zote!

Jioni Daphne kaniletea keki ya limau. Kanishukuru kwa niaba ya mijusi. Nimekataa kuionja. Beryl kaila, kasema haijapata kutokea.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya uamuzi, mjini, mbele ya madiwani. Watu waliolala macho wazi. Nilipewa dakika chache tu, nikazitumia zote kueleza tabia ya Daphne tangu nimjue. Mwenyekiti akauliza kama nina lolote kuhusu sola. Nikamwambia nilikuwa naelekea huko. Akanikalisha.

Akauliza kama kuna mwingine. Akasimama Beryl!

Akasema yeye anaishi nyumba moja na mpingaji, wamwonee huruma. Akasema dirisha la jikoni ni lake kuliko langu, maana ndiye anayesimama hapo. Na afadhali aone vioo, na kondoo wakila majani chini yake, kuliko kuona nyumba ya Bebb imefungwa.

“Jirani akiondoka harudi,” akasema. “Mandhari utayazoea.”

Wakapiga makofi. Mikono yote ya madiwani ikapanda juu.

Bebb alilia waziwazi, mwanamume mzima, akamkumbatia mke wangu hadharani. Kisha akanijia na mkono wake. Nikaupokea kabla sijafikiri.

Beryl ndiye aliyeendesha gari kurudi. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia mawazo yake. Kasema ameniambia kila siku, wakati wa chakula cha jioni.

Sikumbuki.

Jumatatu, 9 Juni

Yule binti wa kampuni amekuja nyumbani na tabasamu lake. Wanataka kuongeza badiliko moja dogo: kupanda safu ya miti kati ya shamba la juu na nyumba yangu. Miti mirefu, yenye majani mwaka mzima. Itaziba paneli zote, dirishani nitaona kijani kitupu. Gharama ni yao. Bebb amejitolea kuchimba mashimo. Kinachohitajika ni maoni ya wananchi tu.

Beryl anaimba jikoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali. Nilimshika hata mkono yule binti.

Ndipo akasema kwamba wazo lilitoka kwa Bi Thackray. Alilipeleka mwenyewe ofisini. Alisema anawahurumia majirani zake.

Ananihurumia!

Nikaona kila kitu. Miti ina kivuli. Miti ina ndege, na ndege wana kelele. Ni njama tupu. Nimeshatoa meza ya kukunja. Kesho asubuhi naiweka nje ya posta, nakusanya saini za kupinga miti.