Habari za Ushindi wa Mwishehe juu ya Pedali ya Kushoto

Ketini kitako, enyi watu wa Temeke, nanyi wa Kinondoni mliovuka mji kuja kusikia! Zimeni redio, tulizeni watoto, na wewe uliyekwisha kuanza kucheka pale nyuma, cheka sasa umalize, maana nitakalolinena si la mchezo. Nasimulia vita vilivyopiganwa barazani mwa duka la baiskeli la Fazal Bandali, mwaka wa tisini na mbili, katika zama za ruksa, milango ya nchi ilipofunguliwa na kila kitu kikaingia, hata kisichoitwa.

Shujaa wetu ni Mwishehe bin Mbwana, Simba wa Spana, Mziba Pancha Asiyeshindwa, Mnyoosha Ringi Zilizokatiwa Tamaa, aliyekaa barazani hapo miaka kumi na tisa juu ya kigoda kimoja. Adui yake hakuwa na duka wala kigoda. Aliitwa Didas, bwana wa tai nyekundu, aliyepita nyumba kwa nyumba na kitabu cha picha: unachagua baiskeli kwa kidole, yeye anapeleka faksi Dubai, na baada ya miezi miwili baiskeli inakuja ndani ya boksi. Watu walivyolipenda hilo boksi, we acha tu! Dukani kwa Bandali buibui wakajenga juu ya viti vya baiskeli, hata mwenye duka akabandika tangazo mlangoni: mwisho wa mwezi hapa patauzwa kanda za video. Na duka likigeuka, baraza nayo inakwenda, na Mwishehe hakuwa na kazi nyingine aijuayo chini ya jua. Kwa uchungu huo akaapa mbele ya umma: "Wallahi, baiskeli ya kitabuni sitaigusa!"

Ikawa Jumamosi asubuhi, Shomari muuza mikate, mteja wa Mwishehe tangu hajaoa, akaletewa boksi lake. Na Didas, kwa kuwa alitaka kishindo chake kionekane, akalifungulia papo hapo mbele ya baraza. Wakaanza kuunganisha. Usukani ukakaa, magurudumu yakakaa, pedali ya kulia ikaingia bila maneno. Ya kushoto ikagoma. Didas akaisokota, ikadondoka. Shomari akaisokota, ikadondoka. Wakavua mashati, wakaivamia pamoja kwa spana na kwa bismillahi, nayo ikawadondokea wote wawili.

"Ewe Shomari," akanena Didas, akipangusa uso kwa ile tai, "usitetereke! Pedali hii ni mbovu. Nitapeleka faksi, na kwa miezi miwili mingine itatufikia."

"Miezi miwili!" Shomari akalia. "Na mikate niipeleke kwa mguu? Ya zamani nimeshaiuza, braza! Wateja wangu kesho watahamia kwa mwingine!"

"Kama ni hivyo, tuitie nyundo."

Mwishehe aliyaona yote, naye aliijua siri ambayo kitabu cha picha hakikuisema na kila fundi wa baraza huijua kabla hajaota ndevu: pedali ya kushoto hukazwa kinyume, kwa kurudisha nyuma. Akijinyamazia, nyundo itaila ile hesi, yale meno ya kukazia pedali, baiskeli itakufa mbele ya Temeke nzima, na kitabu cha Didas kitafungwa siku hiyohiyo. Alitakiwa kufanya nini ili ashinde? Akae tu. Bandali mwenyewe, amesimama mlangoni, akamkonyeza: kaa.

Nyundo ikapanda juu mkononi mwa Didas. Mwishehe akaitazama hesi ile, mpya, inang'aa, haijamkosea mtu. Moyo ukamuuma.

"Astaghfirullah! Weka chini hiyo nyundo!" akanguruma, na kigoda kikapinduka. "Chuma hakina kosa! Mwenye kosa ni mkono wako!"

"Fundi, si uliapa wewe?" Hamisa muuza uji akamchokoza kutoka ng'ambo ya barabara.

"Niliapa, na nitafunga siku tatu kukilipa kiapo! Nipisheni!"

Akaishika pedali kwa vidole viwili. Akaizungusha kinyume, mara moja, mara mbili, mara tatu, nayo ikaingia laini. Spana ilikuja mwishoni tu, kwa heshima. Shomari akapanda, akalizunguka bomba la maji, akarudi anacheka huku machozi yanamtoka. Hamisa akapiga vigelegele mpaka uji ukafurika.

Ndipo Didas akasogea, tai mfukoni, sauti imeshuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kuna wateja wangu sita Tegeta. Wote wanapiga pedali moja."

Mwishehe akakiinua kigoda chake, akaketi. "Walete hapa."

Bandali aligeuka, akalibandua lile tangazo la kanda za video, akamnyooshea shujaa. "Fundi, mikono yako ina grisi. Futia hii."

Akafuta, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Basi itunzeni siku hiyo, enyi watu wa Temeke, na wajukuu wenu waijue: wengine wana minara ya mashujaa wao, sie tuna pedali ya Shomari. Na zile siku tatu za saumu, uji wa kufuturia ulitoka kwa Hamisa, bure.