Dole Gumba la Nyaduoth

Jumatatu, 3 Novemba

Daktari amesema moyo umechoka. Si ugonjwa, anasema, ni uchovu. Miaka themanini na moja. Peace, binti yangu, amelia njia nzima kutoka kliniki, ikabidi nimfariji mimi ninayekufa. Nilimuuliza daktari ni miezi mingapi. Akatazama kalenda ya ukutani, kisha akatazama dirisha. Nikaelewa kwamba kalenda haihusiki.

Kwa hiyo nitatubu. Nimeamua leo baada ya uji. Nitaanza humu daftarini, kwa mazoezi. Naandika Kiswahili kwa sababu Peace hupanga vitabu vyangu, na Kiswahili kirefu humchosha.

Dhambi yenyewe ni hii. Miaka mitatu iliyopita Gune alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Munuki, Juba. Mwanafunzi wangu wa zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kule Uganda tulipokuwa wakimbizi. Mwenyekiti mzuri. Alisimamia mtaro ukachimbwa, na maji ya mvua yakaacha kuingia nyumbani kwa Nyaduoth, mjane anayeuza chai karibu na stendi ya bodaboda. Nyaduoth hajui kusoma, wala Kiingereza. Akaja kwangu, mwalimu wanayemwita Ustaz, kama watu wote wa mtaa wanavyokuja: wao husema kwa Kiarabu cha Juba, mimi huandika kwa Kiingereza cha barua. Alitaka kumshukuru Gune mbele ya mkutano.

Wiki ileile Gune alikuwa ameninyang'anya ukatibu wa mkutano na kumpa Robinson, kijana mwenye kompyuta. Miaka kumi na moja nimeandika kumbukumbu za mtaa huu kwa mkono. Aliniambia, kwa upole, nipumzike. Nipumzike!

Nikaandika kwamba Gune alimtukana Nyaduoth kisimani. Kwamba alimwambia arudi kwao, watu wake hawatakiwi hapa. Nyaduoth akabonyeza dole gumba chini ya karatasi, akaniombea baraka.

Mkutanoni Robinson aliisoma kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa. Nyaduoth alikaa mstari wa mbele, amevaa nguo ya kanisani, akitabasamu na kutikisa kichwa kwa kukubali kila sentensi. Alidhani ni shukrani. Gune alimtazama muda mrefu. Akavua kofia, akaiacha mezani, akatoka. Kesho yake alijiuzulu.

Mtaa wetu ni wa adabu. Hakuna aliyemuuliza mjane neno. Waliacha tu kunywa chai yake.

Sasa nasikia Gune anahamia Entebbe, kwa binti yake Lillian. Anaondoka Jumamosi, moja kwa moja. Mkutano wa mtaa ni Alhamisi. Nina siku tatu za kulisafisha jina lake bila kuligusa langu. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango ni sanduku la maoni.

Sanduku ni kazi ya Goretti, mwenyekiti wa sasa. Mwanamke wa kanuni. Asiyeweza kusema bila kufoka, aandike na kutumbukiza sandukuni. Barua husomwa mkutanoni. Na anayetukana mkutanoni hufagia uwanja mbele ya watu wote. Tangu aanze, matusi yamepungua. Uwanja ulikuwa msafi zaidi mwanzoni.

Nimeandika barua saba za kumsifu Gune, kutoka kwa wananchi saba. Moja kwa mkono wa kushoto. Moja kwa herufi kubwa tupu, kama mtu mwenye hasira njema. Moja nimeijaza makosa ya tahajia kwa makusudi, na iliniuma kuliko kifua. Katika zote wananchi wanasema yale maneno ya zamani hayakuwa na msingi. Hakuna anayesema ni nani aliyeyatunga. Wananchi wangu ni waungwana.

Okumu, Mganda wa bodaboda, amenibeba hadi dukani kwa Goretti, sanduku lilipo. Mguu wa kushoto umevimba, hauingii kiatuni, nimevaa kandambili mguu mmoja. Nilipokuwa nikitumbukiza ya tano, Okumu alinishika kiwiko nisianguke, akahesabu zilizobaki.

“Mzee,” akasema, “wewe iko na maoni mingi kuliko mtaa.”

Nikamwambia ni za majirani. Akasema majirani zangu wana bahati.

Alhamisi, 6 Novemba

Aibu.

Goretti alifungua sanduku baada ya sala. Barua saba, na ya nane kuhusu mbwa wa mtu. Akasoma ya kwanza, watu wakasikiliza vizuri. Akasoma ya pili. Ya tatu, watu wakaanza kukohoa. Ya nne, Athok muuza mkaa akaimalizia sentensi kabla Goretti hajaifikia: “mtu wa ungwana usio na kifani.” Nimegundua kwamba wananchi wangu wote saba walikuwa na msemo huo.

Athok akasema hawa wananchi saba lazima wamenyonya ziwa moja. Uwanja mzima ukacheka. Hata wazee. Hata yule mwenye mbwa.

Robinson akasimama, amefunga tai, akapendekeza kwa heshima kwamba siku zijazo barua ziwe na majina. Alinitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikamwita mashine ya kuchapa iliyofundishwa kuvaa tai.

Goretti alisubiri kidogo, nadhani akinipa nafasi ya kuomba radhi. Sikuitumia. Akasema, “Ustaz, wewe ni baba yetu. Lakini kanuni ni ya wote. Ufagio uko pale.”

Nikainuka. Nusu ya njia nikawa sioni vizuri. Ndipo mtu nyuma yangu akauchukua ufagio. Gune. Sikujua kwamba alikuwepo. Alikuja kuaga, akakaa nyuma kabisa kama mgeni. Akasema mwalimu wake hafagii yeye akiwa hai, na kama kanuni inataka mtu wa kufagia, basi mtu ndiye yeye.

Akafagia uwanja wote. Mwenyekiti wa zamani, amevaa shati la safari. Alipofika kwa Nyaduoth, aliyekaa pembeni na birika lake lisilo na wateja, alifagia kuzunguka miguu yake bila kuinua macho, kama anavyofagia mtu kuzunguka meza. Nyaduoth akainua miguu, akamwambia asante. Hakujibu.

Nyaduoth akabaki ameinua miguu hata ufagio ulipokwisha kupita.

Hakuna aliyesema kitu. Mtaa wetu ni wa adabu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Gune kumwambia. Uso kwa uso, bila barua. Nilifanya mazoezi kwenye bodaboda mpaka Okumu akaniuliza nasali kwa dini gani.

Gune alikuwa akifunga masanduku. Nyumba tupu ina mwangwi, na mtu mwenye kifua kama changu husikia pumzi zake zikimrudia. Akaniweka kwenye kiti pekee kilichobaki, yeye akakaa juu ya sanduku. Nikaanza. Nikasema, kuhusu ile barua ya Nyaduoth.

Akainua mkono. Akasema anajua.

Moyo ulisimama kabisa. Nikangoja uamue.

Akasema aliujua mwandiko wangu tangu Robinson alipoishika karatasi. Mwandiko huo ndio aliojifunzia kuandika, angewezaje kuusahau. Hakunilaumu hata siku moja. Mjane asiyejua kusoma amekuja na maneno yake, ningefanyaje? Ningekataa kuandika, wangesema mwalimu anamlinda mwanafunzi wake. “Wewe ulikuwa kalamu tu, Mwalimu.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nafasi ilikuwa kubwa, lori lingepita.

Nikamuuliza kama aliwahi kumuuliza Nyaduoth. Akasema hapana, angeulizaje? Mjane alikuwa amekwisha kumsingizia mbele ya watu. Yeye akimfuata nyumbani, wangesema amekwenda kumtisha. Maneno yenyewe angeyavumilia, alisema, mwenyekiti huambiwa mengi. Kinachomrudia ni lile tabasamu. Jinsi alivyokuwa akitikisa kichwa. Amejaribu miaka mitatu kukumbuka ni ubaya gani aliomfanyia mwanamke yule hata afurahi vile.

Nikasema watu ni wagumu kuelewa.

Ndivyo nilivyosema. Naandika hapa ili ijulikane.

Akanipa mfuko wa karanga nimpelekee Peace, akanisindikiza hadi kwenye pikipiki akinishika mkono. Karanga ni nzuri. Nimekula nyingi njiani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimetubu! Kweli, kwa mdomo, kwa Nyaduoth mwenyewe.

Sikulala vizuri, miguu yote miwili sasa. Asubuhi Peace hakutaka nitoke. Nikamwambia nakwenda kunywa chai, na hilo halikuwa uongo. Nyaduoth alikuwa peke yake, anasuuza glasi ambazo hakuna aliyezitumia. Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia yote kabla hajamimina, kwa sababu nilijua nikishika glasi sitasema.

Hakupiga kelele. Aliendelea kusuuza glasi ileile. Akauliza barua ilisema nini hasa. Nikamwambia. Akaniomba nirudie pale kisimani. Nikarudia. Akauliza kama Robinson alikuwa anayasoma hayo wakati yeye anatikisa kichwa. Nikasema ndiyo.

Akakaa chini.

Akasema, “Mimi nilibadilisha tangawizi.” Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Wateja walipoacha kuja alidhani chai imeharibika. Akabadilisha tangawizi. Akabadilisha majani. Akanunua birika jipya, akachota maji kisima cha mbali. Miaka mitatu anaonja chai yake mwenyewe, haoni kosa.

Nililia. Yeye hakulia. Akaniuliza Gune anaondoka saa ngapi. Ndege ya saa tisa. Akanyoosha mkono, akanipa daftari alilonunua zamani kwa ajili ya mjukuu. Akasema andika. Akasema angeweza kwenda kwa Robinson, lakini mtu anayekufa hadanganyi, na anataka uwe mkono uleule.

Alisema hivi, na nayakumbuka yote: Gune, ndugu yangu, mimi ni Nyaduoth. Siku ile nilitabasamu kwa sababu nilidhani ni shukrani. Hukunitukana hata mara moja. Maneno yale ni ya ustaz, aliyatunga mwenyewe, ameniambia leo kwa mdomo wake. Nilikuwa nakuamkia kila siku, wewe huitiki, nikadhani umeniona mchafu. Asante kwa mtaro. Bado unapitisha maji.

Mpaka “mimi ni Nyaduoth” nilikwenda vizuri.

Halafu nikauona msiba wangu. Gune atamwambia Lillian, Lillian atampigia Goretti. Viti vitapangwa, turubai litafungwa, watu watakaa kwa adabu, na hakuna atakayelia isipokuwa Peace. Peace atauliza kwa nini. Na Gune, safarini, na moyo mzito namna hiyo? Hata daktari angekataza.

Nikaandika kwamba yaliyopita yamepita. Kwamba yeye Nyaduoth, kwa moyo wake wote, amemsamehe. Barua ya amani. Fupi. “Asante kwa mtaro” nimeiacha kama ilivyo, ilikuwa nzuri.

Nikamsomea. Nilimsomea maneno yake mwenyewe, yote, hata lile la kuamkia, sikukosea. Mwalimu ana kumbukumbu. Alisikiliza amefumba macho, akatikisa kichwa kila sentensi. Akapaka wino, akabonyeza dole gumba.

Okumu ameipeleka uwanja wa ndege kwa mwendo wa kutisha. Nyaduoth akanimiminia chai. Hakuchukua kitu. Akasema amenisamehe, kwa kuwa nimekuja mwenyewe.

Chai haina kosa lolote. Nimemwambia hivyo. Najisikia mwepesi, kama kijana.

Jumapili, 9 Novemba

Sijainuka kitandani. Peace ameniwekea mito mitatu. Pumzi ni kazi.

Baada ya ibada Nyaduoth amekuja, nguo ileile ya kanisani. Gune alikuwa ameandika jibu palepale uwanja wa ndege, akampa Okumu. Karatasi imekunjwa mara nne. Nyaduoth alikuwa ameiweka kifuani tangu jana. Hakutaka kumpa mtu mwingine aisome. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Mwandiko wangu kabisa, ila wa Gune. Aliandika hivi:

Mama Nyaduoth. Sikusema maneno yale, Mungu anajua. Lakini ikiwa unayaamini mpaka leo, na umeniandikia kunisamehe siku ninayoondoka, basi sitabishana nawe tena. Nisamehe. Sitarudi Juba.

Nikaisoma kimya mara moja. Nyaduoth akauliza, “Anasemaje, Ustaz?”

Peace alikuwa mlangoni na glasi ya maji.

Nikasoma kwamba Gune amefurahi sana. Kwamba alijua siku zote moyo wa Nyaduoth ulikuwa safi. Kwamba mtaro uzibuliwe kabla ya mvua kubwa. Kwamba mwalimu ni mzee, asilaumiwe.

Machozi yalimtoka, yale aliyoyazuia jana. Akashika mguu wangu uliovimba, juu ya shuka, akaubonyeza taratibu. Akasema Alhamisi ataipeleka barua hii mkutanoni, Robinson aisome, mtaa wote usikie.

Nikamwambia karatasi nyepesi huchanika. Nitamhifadhia mimi. Akakubali. Sasa iko chini ya mto.

Alipofika mlangoni akarudi. Akaniomba, kama sijachoka, nimsomee tena.

Mara ya pili niliongeza kidogo.