Bunduki Niliyoichagua Mwenyewe

Wawindaji wenzangu wa Kidete, leo nimeumbuka mbele ya kijiji kizima. Ila kabla hamjaanza kunicheka, jueni kwanza kwamba shabaha yangu ilikuwa safi. Hilo hata adui yangu amekubali.

Mnajua mimi ndiye mwindaji wa kijiji chetu cha ujamaa hapa Kisanga. (Nilichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na iliyonyooshwa ilikuwa mingi.) Siku zote nimewinda kwa gobore la marehemu baba, ambalo likilia wanalisikia Ulaya. Nasema Ulaya yetu hii, kijiji cha jirani, siyo ile ya ng'ambo. Sasa juzi kijiji kimeruhusiwa kuwa na bunduki moja ya maana. Bwana Nyama, ofisa wa wanyamapori, akatuletea mbili kutoka Kilosa, zilizoachwa na mzungu mmoja wa shamba la mkonge. Akasema tuzijaribu, halafu mkutano wa leo jioni uamue ipi ibaki.

Ya kwanza ni nene. Risasi yake ni ya nyati, na ukiibeba kutwa nzima unarudi bega moja liko chini. Ya pili nyepesi! Naishika kwa mkono mmoja huku natafuna muwa kwa mkono wa pili. Risasi yake nyembamba, na mbele ya mtutu limechomelewa bomba fupi la chuma linalomeza mlio.

Mimi nilishaamua tangu nilipoliona lile bomba. Nikasimama mbele ya kamati ya kijiji, nikakohoa kidogo kama wanavyofanya wakubwa.

"Ndugu Mwenyekiti, risasi nene inaua papo hapo. Sasa Maalim Shomari atachinja nini, maiti?"

Watu wakacheka. (Wakati huo walikuwa wanacheka upande wangu.) Maana mimi Mkristo, na wengi hapa ni Waislamu. Mnyama asipochinjwa na Mwislamu angali hai, kwao ni kibudu, hawamgusi. Ndiyo maana kila nikienda porini naongozana na Maalim Shomari na kisu chake.

"Hii nyembamba," nikaendelea, "inamwangusha tu. Maalim anawahi, anachinja, wote tunakula. Na kwa bomba hili kundi halishtuki. Naua leo, kesho nawakuta palepale!"

Wakapiga makofi. Bi Mwajuma, mkuu wa wapishi, akaniuliza, "Damiani, Jumamosi tunamaliza palizi ya shamba la kijiji. Tutakula pamoja. Nyama ipo, au nitie maharage jikoni?"

"Maharage ya nini, dada yangu? Wewe pika wali. Nyama ni juu yangu."

Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Alfajiri nikampitia Maalim. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, mwanangu. Kisu kimekula jiwe, kinakata hata upepo." Tukashika njia ya kuelekea Mikumi, tukaishia mbali na mpaka wa hifadhi, pale tuliporuhusiwa. Kama kawaida yetu, Maalim akabaki ng'ambo ya korongo. Ana kikohozi yule mzee, na kikohozi chake kimeshaninyima nyama mara nyingi. Utaratibu wetu ni wa miaka: yeye anakaa, mimi nanyatia, na anapochomoka mbio na kisu ni pale anaposikia mlio.

Nadhani mmeshaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona! Nilikuwa naiangalia bunduki yangu.

Nikalikuta kundi la swala kwenye uwazi. Nikachagua dume lenye pembe za kutundika ukutani. Nikalenga, nikavuta. Jamani! Ile bunduki ilitoa sauti ya mtu anayetema mbegu ya chungwa. Dume likakaa chini taratibu, na wenzake wakaendelea kula majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilifurahi nikataka kulia. Kila nililoiambia kamati limetimia: limeanguka, liko hai, linapumua, linamsubiri mchinjaji.

Nikaweka mguu mmoja juu ya kichuguu. Nikaegemeza bunduki begani, nikainua kidevu, ili Maalim akitokea anikute nimekaa kishujaa. (Ndiyo, nilikuwa najipanga kama wa kupigwa picha.)

Nikasubiri. Nikabadilisha mguu. Nikasubiri tena. Nikaanza kumlaumu mzee wa watu kwa uvivu. Dume likalaza kichwa. Hapo ndipo akili iliponirudia: Maalim anasubiri mlio, na mlio nimeufunga kwa bomba!

Nilitimka. Nimepita kwenye miiba, shati limebaki huko. Nikavuka korongo kwa magoti. Namkuta Maalim kakaa kivulini, kisu mapajani, anavuta tasbihi kwa raha zake.

"Mbona hupigi?" akaniuliza. "Jua linapanda."

"Nimeshapiga, Maalim!"

"Umepiga nini? Mimi sijasikia kitu."

"Ndiyo uzuri wake!"

"Uzuri wake," akasema, kisha akanyanyuka. Tulikimbia na yule mzee, na kila akikohoa mimi namsukuma kwa nyuma. Tukafika. Akachuchumaa, akagusa jicho la yule swala kwa kidole. Halikupepesa. Akarudisha kisu alani.

"Kibudu," akasema.

Nimembeba mimi mwenyewe mpaka kijijini. Na watu waliponiona natokea na pembe zile, wakapiga vigelegele! Wali ulikuwa umeiva, masufuria yamepangwa, watoto wananawa mikono. Nilitamani ardhi ipasuke. Maalim akawaeleza yote, neno kwa neno, mpaka ule mguu juu ya kichuguu, kwani alama ya kiatu changu aliiona. Vigelegele vikageuka kicheko, halafu Bi Mwajuma akatazama wali wake mkavu na kicheko kikaisha.

"Damiani," akaniambia, "umetulisha maneno."

Hilo limeniuma. Nikawakimbilia wafugaji wa ng'ambo ya mto, waliokuja kutusaidia palizi, nikidhani angalau wao watanisitiri. Mzee wao Saning'o akatikisa kichwa kwa upole. "Sisi nyama ya porini hatuli, rafiki. Tunakula ya kufuga." Wakristo wenzangu nao wakaona haya kula nyama huku jirani anakula wali wa chumvi. Wakasema wameshiba.

Mkutano haukuchelewa. "Wanaotaka ile nene, inayosikika?" Mikono ikaenda juu. Maalim alinyoosha miwili. Nikaomba niseme neno moja.

"Lakini tundu la risasi mmeliona lilivyokaa?"

"Tumeliona," Mwenyekiti akajibu. "Shabaha unayo, ndugu. Kuanzia kesho utabeba ile nene."

Sasa niko nyumbani, mke wangu Paulina kaketi mbele ya swala mzima na hataki kusema nami. Naombeni sana mtu asicheke. Na mwenye meno na aje na sufuria yake, nyama ninayo mpaka mwezi ujao.